Ushauri: rivolva kuukuu ya .22 ya chapa ya bei nafuu, niichukue au niiache?

Mlengaji wa Tudor

Assalamu alaykum na habari za jioni, wakubwa kwa wadogo.

Naomba ushauri wa wanaoelewa silaha za shabaha, na naomba mazungumzo yabaki ndani ya sheria, kwa kuwa jambo hili lote linapitia kwa muuzaji mwenye leseni na kwa Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha. Mimi ni mkaazi wa Tudor, cheti cha silaha ninacho, na kwa miaka sita nimekuwa nikilenga shabaha Jumamosi kwa bunduki ya .22, yaani ya risasi ndogo za kipenyo cha takriban inchi 0.22. Sasa nimetamani kuongeza rivolva (bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka) inayotumia risasi hizohizo, ili boksi moja linitoshe kwa silaha mbili.

Jirani yangu mmoja, mzee wa heshima anayehamia kwa binti yake ng'ambo, amekabidhi rivolva yake kwa muuzaji huyo ili itafutiwe mnunuzi. Ni ya miaka ya 1960, mtutu wake ni wa inchi sita, na silinda inachukua risasi tisa. Chapa sitaitaja kwa kuwa silaha ni ya mtu na bado haijauzwa. Itoshe kusema ni mojawapo ya zile zilizotengenezwa Marekani kwa ajili ya mnunuzi wa kipato cha chini, na kiwanda chenyewe kilifungwa zamani. Bei anayotaka haifiki theluthi ya bei ya rivolva mpya.

Nimeishika mara moja tu. Rangi imepauka ubavuni, mpini una mkwaruzo, lakini nyundo inarudi kwa sauti nzuri. Macho yameshapenda, moyo ndio unasita. Je, mtu akague nini kabla ya kuweka sahihi?

Jirani wa Kizingo

Chukua, ndugu yangu, usichelewe. Rivolva haina mambo mengi kama bastola ya magazini: hakuna springi ya magazini ya kuchoka, hakuna ganda la kukwama, na risasi ya .22 haina kishindo cha kuvunja chuma. Kitu kilichodumu miaka sitini kitadumu mingine ishirini. Kwa bei hiyo hata ikiharibika hujapoteza kitu.

Mstaafu wa Ghala

Bwana Jirani, kwa heshima zote, hilo la mwisho ndilo linalowaponza watu. Nimetunza ghala la silaha kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na nimeona wengi wakihesabu bei ya chuma wakasahau bei ya karatasi.

Hapa kwetu silaha haiendi kama baiskeli. Chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, yaani Sura ya 114, cheti kinaandikwa silaha mahususi kwa aina yake na namba yake, na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo pia imo. Ukitaka kuongeza nyingine, unarudi kwa Bodi na kueleza sababu, unachunguzwa, na ukikubaliwa unaendelea kukihuisha cheti hicho mwaka baada ya mwaka. Mwishoni mwa 2018 Serikali iliwaita raia wote wenye silaha wachunguzwe upya, na waliokuwa na mafaili yenye mapengo walipata taabu ya kujieleza. Kwa hiyo nafasi moja katika cheti ni kitu cha thamani, na rivolva mbovu inakula nafasi ileile ambayo ingekaliwa na rivolva nzima. Aliye Marekani anaweza kununua cha bei rahisi, kikimshinda akakiuza wiki ijayo akachukua kingine. Wewe huna mchezo huo. Ukishaandikiwa namba hiyo, wewe na chuma hicho mmefunga ndoa, na talaka yake ina foleni.

Jambo la pili ni namba yenyewe. Kabla ya kutazama uzuri wa mtutu, soma namba iliyochongwa kwenye fremu na uilinganishe na iliyomo katika cheti cha mzee, tarakimu kwa tarakimu, ukiwa na muuzaji hapo. Baadhi ya silaha za zamani za bei nafuu ziliwekewa namba chini ya mpini, mahali ambapo jasho na kutu hufika kwanza. Namba isiyosomeka vizuri, au yenye dalili ya kukwanguliwa, hata kama kosa ni la kutu tu, itakugharimu maelezo usiyoyamaliza. Hapo uiache bila kuuliza bei.

Fundi Chuma wa Changamwe

Mzee amemaliza ya karatasi, basi mimi niingie kwenye chuma. Nimefanya kazi ya leith, yaani mashine ya kukereza chuma, miaka mingi, na kwa muda nilikuwa msaidizi wa fundi wa bunduki aliyeruhusiwa, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho na kuyashika kwa mkono.

Kwanza fungua silinda na uhakikishe kwa jicho na kwa ncha ya kidole kwamba chemba zote tisa ni tupu. Hili hata muuzaji akikuambia amelifanya, lifanye tena. Kisha omba ruhusa ya kuijaribu, na usivute kifyatulio kwenye chemba tupu. Risasi ya .22 haina kiwashio katikati ya kitako kama risasi kubwa. Dawa ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya kupigia inagonga ukingo huo. Ganda lisipokuwepo, pini haina cha kugonga isipokuwa mdomo wa chemba, na kila pigo linaacha kovu dogo. Makovu yakizidi, mdomo unaingia ndani, maganda yanaanza kuingia kwa kusukumwa, na pini yenyewe hupinda au kukatika. Chukua zile plagi ndogo za plastiki za kuchomeka ukutani, zinazolingana na tundu, uzitie katika chemba zote, kisha ujaribu kwa raha. Na kabla ya kuzitia, tazama milango ya chemba kwa tochi: ukiona alama ndogo kama ya patasi mahali palepale katika kila chemba, ujue mwenyewe aliifanya kuwa kitu cha kuchezea mbele ya televisheni.

Sasa twende kwenye roho ya rivolva, yaani taimingi. Unapovuta nyundo nyuma, kipande kimoja kidogo ambacho mafundi tunakiita kidole kinapanda na kusukuma meno ya nyota iliyo nyuma ya silinda, silinda inazunguka, na komeo lililo chini linaruka na kuingia katika kishimo chake ili chemba isimame sawasawa na mtutu. Komeo linapaswa kuingia kabla nyundo haijafika mwisho wa safari yake, au angalau kwa wakati mmoja nayo. Ikiwa nyundo imeshika na silinda bado inacheza bila kufungwa, chemba haijafika. Risasi ikitoka hapo, inakatwa na ukingo wa mtutu, na vipande vya risasi vinaruka pembeni hadi usoni mwa aliyesimama karibu nawe.

Silinda ya risasi sita hugeuka digrii sitini kwa kila risasi. Ya tisa hugeuka arobaini tu, na meno ya nyota yake ni madogo zaidi. Kwa hiyo uchakavu ambao katika rivolva kubwa usingeuona, katika hii unaonekana. Usipime chemba moja ukaridhika. Pima zote tisa, kwa kuvuta nyundo polepole sana, huku kidole gumba cha mkono wa pili kikiigusa silinda kwa uzito mdogo tu wa kuizuia. Kisha rudia kwa kuvuta kifyatulio moja kwa moja bila kushika nyundo, kwa sababu baadhi zinafaulu jaribio la kwanza zikaanguka la pili. Weka alama ya chaki kwenye chemba ya kwanza ili usipotee hesabu.

Baada ya hapo, pima pengo lililo kati ya uso wa silinda na kitako cha mtutu kwa geji ya vibati, yaani vipande vyembamba vya chuma vyenye unene unaojulikana. Kati ya milimita 0.1 na 0.2 ni sawa. Likizidi 0.25, tegemea cheche na vumbi la risasi mkononi. Sukuma silinda mbele na nyuma: ikicheza sana, pengo ulilopima si lile litakalokuwepo wakati wa kufyatua. Hayo ya mpini uliokwaruzwa na rangi iliyopauka hayana maana yoyote, na mimi ningeyafurahia kwa sababu yanapunguza bei.

Jirani wa Kizingo

Fundi, umetutisha. Kwa kipimo hicho hakuna cha zamani kitakachonunuliwa. Kuna mtu aliniambia kuhusu rivolva ndogo za RG za Ujerumani, ambazo ni rahisi hata kuliko hiyo. Je, nazo vipi?

Msomaji wa Kibokoni

Bwana Jirani, hapo lazima tutenganishe aina mbili za urahisi, kwa sababu zinauzwa chini ya jina moja la bei nafuu na hazifanani.

Aina ya kwanza ni ya viwanda vya New England. Harrington & Richardson wa Worcester, Massachusetts, walianza 1871 na kufunga 1986; Iver Johnson walikuwa Fitchburg, jimbo hilohilo; High Standard wa Connecticut walitoa rivolva yao iitwayo Sentinel mwaka 1955, yenye fremu ya aluminiamu na silinda ya risasi tisa. Hawa walimtengenezea mkulima, mtegaji wa wanyama na mvuvi kitu cha kutupa ndani ya sanduku la vifaa. Walipunguza gharama katika kung'arisha, katika rangi na katika mpini, lakini silinda na mtutu vilibaki chuma cha kweli. Iver Johnson walifikia hata kujinadi kwa kumwalika mteja apige nyundo ya rivolva yao kwa nyundo ya seremala, kwa sababu walikuwa na kipande cha usalama ndani kinachozuia pigo kufika kwenye pini mpaka kifyatulio kivutwe.

Aina ya pili ni ile ambayo gharama ilipunguzwa ndani ya fremu yenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 ilizuia kuingizwa kwa bastola ndogo duni kutoka nje, na kampuni ya Röhm ya Ujerumani ikajibu kwa kuanzisha RG Industries mjini Miami ili ziunganishwe hukohuko. RG-14, yenye risasi sita za .22, ndiyo iliyotumiwa kumpiga Rais Reagan mwezi Machi 1981, na mwaka 1985 mahakama ya juu ya Maryland iliamua kwamba watengenezaji wa bastola za namna hiyo wanaweza kuwajibishwa kwa madhara yake. Fremu zake ni za aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Zinki hiyo haivumilii kama chuma: inatanuka kwenye matundu ya pini, inapata nyufa nyembamba, na haichomelewi ikarudi.

Kuitambua si kazi. Beba sumaku ndogo ya mlango wa kabati. Ikishika fremu, ni chuma. Isiposhika, ni aluminiamu au zinki, na hapo uliza ni ipi kabla ya kuendelea. Nisiseme kwamba kila zinki ni takataka, maana Heritage wanatengeneza Rough Rider kwa fremu ya namna hiyo hata leo na watu wanalenga nayo makopo bila malalamiko. Lakini hiyo ni mpya, na spea zake zipo.

Binti wa Nyali

Shikamooni wazee wangu. Mimi nashindana kwa .22, na naona hakuna aliyegusa risasi.

Kaka wa Tudor, muulize muuzaji rivolva hiyo imechongewa risasi gani hasa, na usome maandishi kwenye mtutu mwenyewe. Risasi ya .22 Long Rifle ipo tangu 1887, na ile ya Magnum ilikuja 1959. Magnum ni nene na ndefu zaidi, kwa hiyo haiingii katika chemba ya Long Rifle, lakini Long Rifle inaingia katika chemba ya Magnum kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba yake. Ukiifyatua hapo, ganda linapasuka. Baadhi ya rivolva huuzwa na silinda mbili, moja ya kila aina, na silinda za silaha kuukuu huchanganywa kirahisi zinapokaa kwenye sanduku moja.

Tazama pia nyuma ya silinda. Ikiwa kila chemba ina mfuko mdogo wa kulaza ukingo wa risasi, vizuri. Ikiwa uso wa nyuma ni bapa na ukingo unabaki wazi, hiyo ina uwezekano wa kuwa ya kabla ya risasi za kasi za miaka ya 1930, na ukingo ukipasuka gesi haina ukuta wa kuizuia isikujie. Ya miaka ya 1960 inapaswa kuwa na mifuko hiyo, na isipokuwa nayo, basi utilie shaka umri ulioambiwa.

La mwisho ni kwa ajili ya Bwana Jirani aliyesema hakuna ganda la kukwama. Dawa ya kuwashia inatiwa ikiwa na unyevu na kusambazwa ndani ya ukingo kwa kuzungushwa, na mara nyingine haifiki pande zote. Ndiyo maana risasi za .22 hugoma mara nyingi kuliko nyingine. Ikigoma, mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha kwa nusu dakika kabla ya kufungua silinda. Na ikitoa sauti hafifu isiyo ya kawaida, usivute tena hata kidogo. Fungua, toa zote, utazame ndani ya mtutu. Rivolva ina tabia ya kukuletea risasi inayofuata upesi mno, na ile iliyotangulia ikiwa imekwama njiani, mtutu unavimba.

Mlengaji wa Tudor

Nawashukuru sana. Ahsante dada Binti wa Nyali kwa hilo la silinda mbili, sikulijua kabisa. Nina miadi na muuzaji Alhamisi. Swali moja limebaki: hewa ya bahari. Nyumba yetu iko karibu na maji, na hata bawaba za madirisha zinaliwa.

Mstaafu wa Ghala

Chumvi ya hapa haina huruma, hasa msimu wa kusi unapoleta unyevu ndani ya vyumba. Usiihifadhi katika ala ya ngozi hata siku moja, kwa sababu ngozi inanywa unyevu na kuukumbatia kwenye chuma. Mahali pa ngozi ni kiunoni, si kabatini. Ipanguse mafuta mepesi baada ya kila kuishika, maana jasho la kiganja lina chumvi yake pia, na uiweke katika sefu iliyofungwa ukutani pamoja na pakiti za kunyonya unyevu, ambazo uzikaushe kila mwezi. Mafuta mengi kupita kiasi nayo ni kosa: yakishuka kwenye tundu la pini yanashika vumbi na kuganda, na pini inapiga kwa uvivu.

Kwa silaha iliyokaa Mombasa miaka yote hiyo, mwombe muuzaji afungue mpini mbele yako. Hapo chini ndipo utakapojua kama mzee alikuwa mtunzaji.

Mlengaji wa Tudor

Nimerudi na habari, na samahani kwa kuchelewa.

Alhamisi nilikaa kwa muuzaji karibu saa mbili. Namba ilisomeka na ikalingana na cheti. Sumaku ilishika fremu. Tulifungua mpini, na chini yake palikuwa pasafi kuliko nilivyotarajia, pana mafuta membamba na hakuna kutu hata chembe. Nikamheshimu mzee zaidi. Chemba zina mifuko ya ukingo, maandishi ni ya Long Rifle, mtutu unang'aa, na mifereji yake ni mikali.

Kisha nikatia plagi na kuanza kuhesabu kutoka kwenye alama ya chaki. Chemba ya kwanza mpaka ya tatu, komeo liliingia vizuri. Ya nne, nyundo ilishika na silinda ikabaki ikicheza. Ya tano sawa. Ya nane, tena ikachelewa. Nilirudia mara tatu, muuzaji naye akajaribu kwa mkono wake, na hakubisha. Kwa kifyatulio peke yake zilichelewa chemba nne. Pengo lilikuwa milimita 0.2 upande mmoja, lakini silinda ikisukumwa nyuma lilifika 0.3. Milango ya chemba ina zile alama za patasi alizozitaja Fundi, zote tisa. Mzee mwenyewe, nilipompigia simu, alicheka akasema wajukuu wake walipokuwa wadogo aliwaruhusu kuivuta ikiwa tupu, kwa miaka.

Muuzaji alipunguza bei mpaka nusu ya ile ya awali. Nikamuuliza kidole kipya kitatoka wapi.

Fundi Chuma wa Changamwe

Na jibu lake lilikuwa nini? Kidole kinaweza kunenepeshwa kwa kuchomelewa na kuchongwa upya, lakini ikiwa chemba mbili tu ndizo zinazochelewa kwa nyundo, tatizo limo katika meno ya nyota, si katika kidole peke yake. Ukirefusha kidole kutosheleza meno mawili mabovu, yale saba mazima yatabanwa na silinda itakwama. Nyota nzima ndiyo inayotakiwa, na kwa kiwanda kilichofungwa, nyota hiyo inatoka kwenye rivolva nyingine iliyokufa, tena Marekani, tena kwa kibali cha kuingiza.

Mlengaji wa Tudor

Jibu lake lilikuwa karibu hilohilo, Fundi. Nimeiacha. Ombi langu kwa Bodi nitalipeleka nikishapata kitu kingine, na Binti wa Nyali ameahidi kunionyesha yake Jumamosi.

Jirani wa Kizingo

Basi nami nimenyamaza. Nimeagiza geji ya vibati.

Mstaafu wa Ghala

Bwana wa Tudor, umefanya vyema. Mwambie mzee jambo moja kabla hajasafiri: asiiache rivolva hiyo nyumbani mikononi mwa wajukuu, hata kama ni mbovu na hata kama hakuna mnunuzi, kwa kuwa asiye na cheti hana ruhusa ya kuishika. Ibaki kwa muuzaji kwa maandishi, au aisalimishe kituoni na kupewa stakabadhi. Na kama ana maboksi ya zamani ya risasi kabatini, yaende safari hiyohiyo.

Mlengaji wa Tudor

Yapo mawili, Mzee, chini ya kitanda. Tunakwenda naye kesho asubuhi.